Kupanda Mchongoma, Kushuka Ndio Ngoma
Somo kwa madereva, abiria na kamati za gari la kanisa

Somo la toleo hili linahusu gari. Labda utasema, "Mimi si dereva, nifungue ukurasa mwingine." Hapana, ngoja kidogo. Si wote tunaoendesha, lakini karibu sote tunapanda. Tunapanda tukienda matanga, semina, kliniki ya kijijini na mikutano ya akina mama. Kwa hivyo somo hili ni la dereva, ni la abiria, na zaidi sana ni la wazee wa kamati wanaopanga safari.

KWA NINI SOMO HILI?

Sisi watu wa ziwani tunakaa chini. Mji wa Kisumu uko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, na ukitazama kutoka uwanda wa Kano unaona ukuta wa milima ya Nandi umesimama kaskazini, na upande wa mashariki nchi inapanda kuelekea Kericho na Mau. Maana yake ni kwamba ukitoka ziwani kwenda karibu popote, lazima upande. Na ukirudi nyumbani, lazima ushuke. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Ngoma hiyo tumeilia. Tarehe 10 Oktoba 2018, basi lililokuwa likielekea magharibi lilianguka karibu na Fort Ternan, na watu zaidi ya 50 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023, lori liliacha njia pale njia panda ya Londiani likagonga magari na watu waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya 50 wakafa. Tarehe 8 Agosti 2025, basi la waombolezaji lilipinduka kwenye mzunguko wa Coptic pale Mamboleo, hapa hapa Kisumu, na zaidi ya watu 20 hawakufika nyumbani. Hatutaji haya ili kumhukumu mtu yeyote. Tunayataja kwa sababu zote hizo ni barabara za lami, zenye alama na simu karibu. Sasa je, tukienda milimani, mahali ambapo lami imeisha, ukungu umeshuka na gari la kuvuta liko mbali?

SAFARI YETU YA MFANO

Mwaka juzi kikundi cha wakulima kutoka uwanda wa Kano kilitaka kwenda kujifunza mifereji ya Wamarakwet. Wengi mnajua shida yetu: Mto Nyando ukifurika tunazama, ukipungua tunalipia pampu ya kuinua maji. Wamarakwet wamefanya vingine. Kwa mamia ya miaka wamechimba mifereji kwenye ukuta wa bonde la Kerio, maji yakashuka yenyewe kutoka milima ya Cherangani hadi mashambani, bila pampu na bila bili ya stima. Tukasema, twende tukaone kwa macho yetu.

Njia yetu ilikuwa Kisumu, Chavakali, Kapsabet, Eldoret, Iten, Kapsowar, Chesoi, halafu kushuka mpaka Tot chini bondeni. Mpaka Iten ni lami, hakuna neno. Lakini kutoka Chesoi kwenda Tot ni habari nyingine. Pale unashuka karibu mita elfu moja kwa kona zinazojikunja kama nyoka, mawe yametokeza, upande mmoja ukuta na upande mwingine hewa tupu. Kwa madereva wengi njia hiyo ni mtihani.

Tulikuwa watu tisa na dereva ndani ya Land Cruiser ndefu. Tulichelewa kutoka Kisumu kwa sababu watu wawili walikuja saa mbili badala ya saa kumi na mbili. Tulichelewa tena Eldoret tukinywa chai. Tukafika Chesoi saa tisa alasiri, mawingu yameshika kilele na manyunyu yameanza. Dereva wetu, mzee wa makamo, akasimamisha gari, akashuka, akatembea mpaka kona ya kwanza. Akachukua udongo akaufinya mkononi. Akarudi polepole.

"Leo hatushuki," akasema.

Mwenyekiti wetu akamwambia, "Mzee, wenyeji wanatungoja huko chini. Wamechinja mbuzi."

"Najua, Mwenyekiti. Mbuzi atalika kesho."

Mama mmoja akauliza kutoka nyuma, "Kwani hii gari si ni fo-wili?"

"Ni fo-wili, mama. Lakini fo-wili inasukuma. Haisimamishi."

Neno hilo lilikuwa na somo zima ndani yake. Tutarudi kwake, na tutarudi pia kwa yale yaliyofuata, maana hayakuwa mazuri sana kwetu sisi abiria. Kwanza tujifunze kazi yenyewe.

1. HESABU KABLA YA KUTOKA

Katika Luka 14 Bwana Yesu anasimulia habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Safari ya mlimani ni hivyo hivyo. Huamuliwa Kisumu kabla ya kuwasha injini.

Hesabu saa. Mvua ya milimani hupenda kuja mchana na jioni. Panga uwe umevuka mahali pabaya kabla ya saa nane mchana. Kama hesabu inaonyesha utafika saa kumi, basi ile safari ni ya siku mbili, na pesa za kulala ziwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Na anayechelewa kituoni ajue kwamba hawachelewi wenzake peke yao: anamsukuma dereva kwenye mvua.

Hesabu uzito. Gunia nne za viazi za kilo 50 ni kilo 200. Zikiwekwa juu kwenye keria, gari linakuwa kama mtu aliyebeba mtungi kichwani akitembea kwenye mteremko wa utelezi. Vitu vizito viwe chini, katikati, na vifungwe. Juu weka vyepesi tu, au usiweke kitu.

Hesabu breki. Kuna jambo ambalo watu wa ziwani hatulijali. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu mwingi. Mafuta mapya ya daraja la kawaida, yale yaandikwayo DOT 3, huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Yakishaingia maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Yakichemka yanatoa povu, pedeli inazama mpaka chini kama unakanyaga ugali, na gari halisimami. Kwa hivyo yabadilishwe kila miaka miwili, hata kama fundi anasema "bado ni safi". Viatu vya breki vikaguliwe, na handbreki ijaribiwe kwenye mteremko, si kwenye uwanja wa kanisa.

Beba vitu hivi: tairi ya akiba nzima (mbili kama njia ni ya mawe), jeki na ubao wa kuiwekea, koleo, panga, kamba nene ya kuvuta, vipande viwili vya mti vya kuzuia magurudumu, pampu ya upepo, mkanda wa feni wa akiba, tochi, maji ya kunywa na maji ya rejeta kwenye mitungi mbalimbali, blanketi, na sanduku la huduma ya kwanza.

Mwisho, andika kwenye karatasi njia mtakayopita na saa mnayotarajia kufika, umwachie mtu Kisumu. Kuna mabonde ambako simu ya mkononi haishiki. Mtu huyo ajue: ikifika saa fulani hawajapiga, aanze kuuliza.

2. UREFU WA MLIMA UNAFANYA NINI?

Injini hupumua kama sisi. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na taabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Iten iko karibu mita 2,400, yaani kama mita 1,270 juu ya Kisumu, na vilele vya Cherangani vinapita mita 3,000. Kwa hivyo usishangae gari lililopanda Riat likiimba na watu kumi linaanza kukohoa huko juu, na la dizeli kutoa moshi mweusi. Si lazima liwe bovu. Linatafuta hewa. Mpunguzie mzigo, teremsha gia mapema, usilipige mafuta kwa hasira.

Maji nayo huchemka mapema zaidi: Iten ni kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100 za pwani. Kifuniko cha rejeta kinasaidia kwa kushikilia presha, kwa hivyo kifuniko kilicholegea kibadilishwe. Mshale wa joto ukipanda, simama mahali tambarare, acha injini ingurume polepole ukiangalia kama feni inazunguka na kama mkanda wake haujakatika. Mkanda ukiwa umekatika, zima mara moja. Na usifungue kifuniko kikiwa moto. Watu wengi wameungua uso kwa haraka ya dakika ishirini.

Mwili wa binadamu pia unahisi. Kichwa kidogo kuuma na kuchoka upesi si ajabu. Kunywa maji, usikimbie. Lakini kuna ndugu zetu ambao lazima tuwataje. Ugonjwa wa selimundu, yaani sikoseli, uko katika familia nyingi za kando ya ziwa. Baridi, kiu na hewa nyepesi ni vitu vinavyoweza kuamsha maumivu yake makali. Mwenye ugonjwa huo, na mwenye shida ya moyo au mama mjamzito, aulize daktari kwanza kabla ya kuandikisha jina. Na hata walio wazima wachukue sweta. Usiku wa Iten si usiku wa Dunga.

3. KUPANDA

Kando ya gia ya kawaida, magari mengi ya fo-wili yana kijiti kifupi cha pili (kwa magari mapya ni kitufe). Hicho ndicho kinachoweka gia za "lo", yaani zile za polepole zenye nguvu nyingi. Kiweke ukiwa umesimama, kabla ya mlima kuanza. Dereva anayetafuta gia katikati ya mlima ni kama mtu anayetafuta jembe mvua imeshaanza. Kama gari lako lina habu za kufunga kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele, zifunge chini, mahali pakavu.

Kabla ya kona mbaya, shuka utembee. Angalia mawe, mitaro, na mahali gurudumu litakapopita. Kisha panda kwa mwendo mmoja, polepole lakini bila kusitasita. Kwenye mawe yenye makali, ni afadhali tairi ipite juu ya jiwe kwa uso wake kuliko jiwe kukwaruza ubavu wake, maana ubavu ndio mwembamba.

Mkikutana na gari jingine mahali pembamba, desturi nzuri ya milimani ni kwamba anayeshuka ndiye anayengoja, kwa sababu anayepanda akisimama ni vigumu kuanza tena. Asimame mapema, mahali papana.

Je, gari likishindwa na kuzima katikati ya mlima? Hapa ndipo watu wanakufa. Wengi hukanyaga klachi na kuacha gari lirudi lenyewe, au hujaribu kuligeuza. Usifanye hivyo! Kanyaga breki kwa nguvu, vuta handbreki, mtu awekee magurudumu mawe akiwa pembeni, kamwe si nyuma ya gari. Abiria wote washuke upande wa mlima. Kisha weka gia ya rivasi, washa injini, mawe yaondolewe, achia klachi yote na breki polepole, injini ilishike gari lirudi nyuma moja kwa moja kwa njia ile ile liliyopandia. Gari linaloelekea juu au chini ni thabiti. Gari lililokaa kingamo kwenye mteremko linatafuta kubiringika.

4. KUSHUKA

Sasa tumefika kwenye ngoma yenyewe. Tufanye hesabu ndogo. Gari lenye uzito wa tani tatu likishuka mita 1,000, nguvu inayoachiliwa na huo uzito ni sawa na joto la kuchemsha zaidi ya debe nne za maji baridi. Joto hilo haliendi mbinguni. Kidogo linachukuliwa na mawe ya njia na hewa. Linalobaki lichukuliwe na injini, ama lichukuliwe na breki. Ukiipa injini, inalipeleka kwenye rejeta na ekzosi siku nzima bila kulalamika. Ukizipa breki, zile vipande vinne vidogo vya chuma, zitapata moto mpaka zikatae kazi.

Hii ndiyo maana ya neno la mzee wetu kwamba fo-wili inasukuma, haisimamishi. Nguvu ya injini kwenda magurudumu manne inasaidia kutoka kwenye matope. Lakini gari la kawaida pia lina breki kwenye magurudumu manne. Kwenye kusimama hakuna aliyezidiwa, isipokuwa fo-wili ni nzito zaidi! Faida yake kwenye mteremko ni moja: ile gia ya "lo", ambayo inafanya injini ishikilie gari kwa nguvu sana. Asiyeitumia, fo-wili yake ni mzigo tu.

Basi shikeni kanuni hizi:

(a) Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, au ndogo zaidi. Iweke juu kabla ya mteremko kuanza.

(b) Usiweke fri. Wako madereva wanaosema fri inaokoa mafuta. Si kweli kwa injini za dizeli, wala za petroli zenye injekta: ukiwa ndani ya gia na mguu umeuondoa kwenye mafuta, mafuta hayaingii. Ile fri inaokoa senti na kuuza watu kumi.

(c) Usikanyage klachi ukishuka. Klachi ikikanyagwa, injini imeachilia gari.

(d) Breki ikanyagwe kwa muda mfupi na kwa nguvu, kisha iachiliwe ipoe. Usiweke mguu juu yake mfululizo kama mtu anayepumzika.

(e) Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona moshi kwenye magurudumu, au pedeli ikianza kulegea, simama mara moja mahali salama. Ngoja nusu saa au zaidi. Usimwagie maji, chuma cha moto kikipata maji ya baridi kinapasuka.

(f) Breki zikikataa kabisa: teremsha gia moja moja, pampu pedeli harakaharaka, vuta handbreki kidogo kidogo. Ikishindikana, egemeza gari kwenye ukuta wa mlima. Bati litanyooshwa na fundi. Usielekee upande wa bonde.

Watu wa huku kwetu walikuwa wakizungumza sana habari za Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953. Mwaka 1968 magari 93 yaliondoka na 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, na ule ushindi wa kwanza aliupata kwa Volvo iliyokuwa imeshatumika. Tusidhani basi kwamba gari jipya la wafadhili litatuvusha lenyewe.

5. MATOPE, MAJI NA MAPOROMOKO

Milima ya upande ule haichezewi wakati wa mvua. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, udongo uliporomoka Pokot Magharibi na zaidi ya watu 40 wakafa. Aprili 2020 ikawa Chesegon, mpakani mwa Pokot na Marakwet. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025 ikawa Chesongoch, chini ya ukuta ule ule wa bonde la Kerio, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Wale hawakuwa madereva. Walikuwa wamelala nyumbani kwao. Inatufundisha kwamba ardhi yenyewe inaweza kuhama, na gari bora halina jibu.

Jihadhari na nyufa mpya barabarani, miti au nguzo zilizoinama, mawe madogo yanayodondoka, na kijito kilichogeuka rangi ghafula au kukauka ghafula wakati mvua inanyesha. Ukiona mojawapo, ondoka pale, usiegeshe gari chini ya ukuta uliochimbwa, wala usiweke kambi kwenye mdomo wa korongo.

Kwenye maji yanayokatiza njia, mtu atembee kwanza na fimbo, akifungwa kamba. Maji yaendayo kasi yakipita goti, gari lisiingie. Na hata kama mahali ulipo ni pakavu, uliza kama huko juu kumenyesha. Sisi watu wa Nyando tunajua mafuriko ya mvua ambayo hatukuiona.

Kwenye matope, punguza upepo wa tairi kidogo ili zishike, kwa mfano kutoka 40 hadi 28, lakini ukitoka kwenye matope rudisha kwa pampu kabla ya kwenda mbio. Na waulize wenyeji. Mchunga mbuzi wa pale anaijua ile barabara kuliko ramani yako.

6. NANI ANASEMA "TURUDI"?

Turudi Chesoi. Baada ya mzee kukataa, hatukufurahi. Nusu saa baadaye lori la mizigo likatupita, likashuka polepole kwenye ile mvua. Tukapata habari kwamba limefika Tot salama. Hebu fikirini manung'uniko! "Si mmeona? Lori limeshuka, sisi na fo-wili tumekaa hapa kama kuku." Tukapewa nafasi ya kulala kanisani, juu ya mabenchi, blanketi nne kwa watu kumi. Usiku ule tulijua baridi ni nini.

Asubuhi jua likatoka. Saa tatu mzee akaenda tena kona ya kwanza, akaufinya udongo, akarudi akasema, "Haya, pandeni." Tulishuka kwa gia ya kwanza ya "lo", mwendo wa mtu anayetembea, karibu saa mbili. Watu wawili walikuwa wakishuka kwenye kila kona mbaya kumwongoza. Tulifika, tukaona mifereji, tukala ile mbuzi iliyopoa. Jioni hatukujaribu kupanda. Tulilala, tukarudi siku iliyofuata.

Sasa sikilizeni. Tuliporudi Kisumu, hesabu ilizidi kwa usiku mmoja. Kwenye kikao, dereva akaitwa aeleze kwa nini alikataa kushuka na hali lori lilishuka. Akaulizwa kama ni kuogopa au ni kutafuta posho. Mzee wa watu akasimama, kofia mkononi, akasema tu kwamba udongo ulikuwa umelowa. Sisi abiria wake tisa tulikuwa ndani ya chumba kile. Hakuna aliyemtetea. Mwandishi wa somo hili alikuwa mmoja wao, akatazama sakafu.

Ndugu zangu, kosa letu lilikuwa wapi? Tulifikiri kwamba kufika salama kwa lori kunathibitisha kwamba dereva wetu alikosea. Siyo. Mtu akivuka barabara amefumba macho na asigongwe, hakufanya vyema. Uamuzi mzuri hupimwa kwa yale yaliyojulikana wakati ule: saa zilikuwa zimekwisha, udongo umelowa, gari limejaa, na dereva hajawahi kuipita ile njia kwenye mvua. Yule wa lori huenda huipita kila wiki. Yeye alijibu mtihani wake, mzee wetu alijibu wake.

Na tulifanya kosa la pili, baya kuliko la kwanza. Tulimfundisha dereva kwamba akituokoa ataaibishwa. Safari ijayo, akisimama mbele ya mteremko mwingine na mvua, atakumbuka nini? Atakumbuka udongo, au atakumbuka kile kikao? Kamati inayomkaripia dereva kwa kurudi nyuma imeshaanza kuchimba kaburi, na haijui ni la nani.

Ilituchukua miezi mitatu kuona aibu. Tulimwomba mzee radhi mbele ya watu, na tukaandika mambo manne ambayo sasa yamebandikwa ndani ya gari:

Kwanza, dereva akisema "hatuendi" au "turudi", neno ni lake. Mwenyekiti, pasta au mgeni hana ruhusa ya kulipindua.

Pili, abiria yeyote, hata mtoto, akiona hatari anaweza kusema "simama", na dereva atasimama kwanza, maswali baadaye.

Tatu, kila safari ya milimani iwe na pesa za usiku mmoja wa akiba. Zisipotumika zirudi kwa mweka hazina.

Nne, baada ya safari dereva haulizwi "kwa nini ulirudi?" Anaulizwa, "Tukusaidie nini safari ijayo?"

Haraka haraka haina baraka, na kawia ufike. Methali hizi tunazisema kila siku. Kazi ni kuzilipia zinapodai usiku mmoja kwenye benchi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani katika kanisa lenu anayeruhusiwa kusema safari isimame? Je, dereva mwenyewe anajua kwamba anaruhusiwa?

2. Mara ya mwisho gari lenu kubadilishwa mafuta ya breki ilikuwa lini? Nani anaweka kumbukumbu?

3. Mkienda matanga, watu wangapi hupanda kupita nafasi? Ni nani hushindwa kusema "hapana", na kwa nini?

4. Umewahi kunyamaza wakati mwenzako aliyefanya lililo sawa anaaibishwa? Ungeweza kusema nini?

5. Zoezi: pamoja na dereva wenu, tembeeni kwa miguu mteremko wa kutoka Riat kuingia Mamboleo. Awaonyeshe angeweka gia gani na angeiweka wapi.

Tuwaombee madereva wetu, nasi tuwahi kituoni.